Mawimbi yasiyoonekana chini ya bahari ya kaskazini

Mkaazi wa Malindi anajua bahari inavyobadilika rangi msimu wa mvua. Maji mekundu ya mto Sabaki hutanda juu, na chini yake kuna maji ya chumvi. Maji ya mto ni mepesi, ya bahari ni mazito, na hayachanganyiki upesi. Mahali yanapokutana pana mpaka, na mpaka huo unaweza kupiga wimbi kama unavyopiga uso wa bahari.

Hayo ndiyo mawimbi ya ndani. Tofauti ya uzito kati ya tabaka mbili za maji ni ndogo kuliko ile ya maji na hewa, kwa hiyo wimbi la ndani huenda polepole lakini huweza kuinuka makumi ya mita. Aliye juu mashuani hatahisi kitu.

Ajabu hii ilimkuta mpelelezi Fridtjof Nansen wa Norway mwezi Agosti 1893, kaskazini mwa Siberia. Meli yake, Fram, ilikuwa juu ya tabaka la maji baridi yasiyo na chumvi nyingi. Injini ilifanya kazi, lakini meli ikajikokota kana kwamba imeshikwa. Mwaka 1904 Vagn Walfrid Ekman wa Sweden alieleza sababu. Aliweka tabaka mbili za maji ndani ya tangi, akavuta meli ndogo ya mfano, akaona nguvu zake zikipotea kwa kuzalisha mawimbi chini yake.

Lakini mawimbi haya hayahitaji meli. Chukua Mlango wa Kara nchini Urusi, kati ya kisiwa cha Vaygach na visiwa vya Novaya Zemlya. Maji yakijaa na kupwa husukumwa kwa nguvu katika njia hiyo nyembamba, juu ya kilima kilicho chini ya bahari. Tabaka la chini huinuliwa, na mkondo unapolegea, mwinuko ule hutoka mbio kama wimbi. Kila maji yanapogeuka, kazi huanza upya.

Basi, kisichoonekana huonwaje? Njia ya kwanza ni kutoka angani. Wimbi la ndani likipita, mikondo yake hukusanya vijiwimbi vya juu mahali pamoja na kuvilaza mahali pengine. Rada ya setilaiti, kama zile za Sentinel-1 za Ulaya, huona mistari ya weupe na weusi ikifuatana. Rada haizuiwi na mawingu wala giza, jambo muhimu kule ambako usiku wa majira ya baridi huchukua wiki nyingi. Lakini barafu ikifunika bahari, mistari hiyo hupotea.

Njia ya pili ni kushusha kamba yenye vipimajoto vingi, kila kimoja kwenye kina chake. Maji baridi na ya vuguvugu yakipanda na kushuka kwa zamu mbele ya vipimo, wimbi limepita.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Kwa sababu katika Bahari ya Aktiki joto liko chini. Maji yenye chumvi kutoka Atlantiki huingia na kuzama chini ya maji baridi mepesi, na joto lake lingetosha kuyeyusha barafu yote inayoelea lau lingepanda juu. Kinachozuia ni lile tabaka la juu. Wimbi la ndani linapovunjika huchanganya tabaka hizo na kupandisha joto kidogo kidogo.

Barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari, kama vile barafu katika glasi isivyoimwaga. Lakini inapotoweka, bahari nyeusi hunywa jua ambalo barafu nyeupe ingelirudisha angani, na dunia nzima huongezewa joto, nasi tukiwamo. Ndiyo sababu wanasayansi wanataka kujua ni joto kiasi gani mawimbi haya yanapandisha.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bahari tulivu ya kaskazini ni ushahidi.