Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kununua Motokaa ya Mbio Iliyokwisha Tumika

Maneno ya somo hili: motokaa – boneti – turbo – chesisi – mkataba – shahidi.
(Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla ya somo. Wanafunzi wayasome pamoja.)

Wazee wetu, mama zetu na vijana mlioko darasani Nalasi, chukueni daftari na kalamu, maana leo tutasoma na tutapiga hesabu.

Somo letu ni juu ya kununua motokaa ya mbio iliyokwisha tumika. Huenda mzee mmoja akauliza, "Motokaa ya mbio yatuhusu nini sisi wakulima?" Yatuhusu sana. Korosho zikisha kuuzwa, fedha za mwaka mzima huja mkononi kwa siku chache. Kijana huona Songea gari la chini chini, linalong'aa, lenye mngurumo wa simba, na bei yake si kubwa. Hulinunua kwa haraka. Mvua zikianza, gari limelala uani juu ya mawe, na ada za watoto hazipo. Basi tujifunze namna ya kununua kwa akili.

Kwanza: gari lililotumika si lazima liwe baya.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumika katika mashindano kabla hawajalipata. Hata hivyo liliyashinda magari mapya katika tope na vumbi.

Kwa nini? Joginder alikuwa fundi wa magari. Hakununua rangi wala mngurumo. Alijua kilichomo ndani ya chuma. Sisi ambao si mafundi yatupasa kumlipa fundi wetu wenyewe atuangalizie. Asiwe fundi wa muuzaji.

Pili: motokaa ya mbio ni nini?

Ni gari lenye injini yenye nguvu nyingi kuliko ukubwa wake. Hapa kwetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Kwa mfano, kuna Toyota Altezza, na kuna Subaru Impreza yenye turbo. Turbo ni kama feni ndogo. Moshi unaotoka katika injini huizungusha kwa kasi sana, nayo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huungua, na nguvu huongezeka. Lakini joto nalo huongezeka. Kwa hiyo turbo yataka oili safi, iliyobadilishwa kwa wakati. Mwenye gari wa kwanza akiwa mvivu wa kubadilisha oili, wewe wa pili ndiwe utakayelipa.

Tatu: kulikagua gari.

Nenda asubuhi, kabla injini haijawashwa. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, maana injini ikisha pata moto huweza kuficha ugonjwa wake. Kisha mwambie muuzaji awashe, nawe simama nyuma utazame moshi.

Moshi wa rangi ya buluu maana yake oili inaungua.
Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kupita kiasi.
Moshi mweupe mzito usiokwisha maana yake huenda maji yanaingia katika injini. Mvuke mwepesi wakati wa baridi, unaokwisha upesi, si kitu.

Vuta kijiti cha oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Usinunue.

Sasa tazama matairi. Tairi lililolika upande mmoja laonyesha kwamba huenda gari limepinda, au liligongwa. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tuseme yameandikwa 3219: tairi lilitengenezwa juma la 32 la mwaka 2019. Mtu asiyejua kusoma tarakimu hawezi kuambiwa siri hii na tairi.

Usiiamini mno saa ya kilomita, maana yaweza kurudishwa nyuma. Ikiwa yasema gari limetembea kidogo, lakini pedali zimelika na usukani umechakaa, jua kuna uongo.

Nne: gari na njia zetu.

Kutoka Songea hadi Tunduru mjini utapita lami. Lakini gari la Nalasi lazima liweze vumbi, mchanga na tope. Motokaa ya mbio imelala chini, na matairi yake yana ubavu mwembamba. Tuta la mchanga hukwaruza tumbo lake, na shimo hupinda rimu. Pima kwa rula kutoka ardhini hadi mahali pa chini kabisa pa gari. Kisha nenda ukapime kina cha mikondo ya magurudumu katika njia yako. Rula haina aibu ya kusema kweli.

Tano: hesabu.

Kutoka Songea hadi Tunduru ni kama kilomita 260. Tuseme gari moja hutembea kilomita 13 kwa lita moja. 260 ÷ 13 = lita 20. Motokaa ya mbio tuseme hutembea kilomita 8 tu. 260 ÷ 8 = lita 32 na nusu. Tofauti ni lita 12 na nusu kwa safari moja ya kwenda. Zidisheni kwa bei ya petroli ya leo, kila mtu katika daftari lake.

Tena, usimalize fedha zote katika kununua. Tuseme una shilingi 12,000,000. Weka kando sehemu moja ya tano kwa matengenezo na bima: 12,000,000 ÷ 5 = 2,400,000. Basi gari lako lisizidi shilingi 9,600,000. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Sita: karatasi.

Hapa ndipo wengi hulia. Soma kadi ya gari. Jina lililomo lilingane na kitambulisho cha muuzaji. Namba ya chesisi katika kadi ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Uliza kama gari limewekwa rehani kwa mkopo, na kama lina faini za barabarani zisizolipwa. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi. Lipa kwa benki ili kumbukumbu ibaki. Kisha umiliki uhamishwe kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Kadi ikibaki na jina la mtu mwingine, kwa serikali gari hilo bado ni la huyo mtu.

Ukiambiwa, "Weka dole gumba hapa, twende zetu," jibu kwa upole, "Ngoja kwanza nisome." Neno hilo laweza kuokoa korosho za mwaka mzima.

Maswali

1. Moshi wa buluu una maana gani?
2. Tairi limeandikwa 0721. Lilitengenezwa juma gani, mwaka gani?
3. Una shilingi 8,000,000. Sehemu moja ya tano ni ngapi?
4. Taja mambo mawili ya kusoma katika kadi ya gari.
5. Jadilianeni: kwa njia zetu za Nalasi, je, fedha hizo zingefaa zaidi kununua gari la namna gani?

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Someni vema.