Peugeot 504: Namna gari la zamani linavyofufuliwa nyumbani

Nchini Kenya na katika nchi jirani, si ajabu kulikuta gari aina ya Peugeot 504 limeegeshwa uani kwa miaka mingi, matairi yakiwa yamekwisha upepo, huku wenye nyumba wakibishana iwapo liuzwe kama chuma chakavu au litengenezwe. Kwa familia nyingi suala hilo si la usafiri tu. Hilo ndilo gari lililowapeleka watoto shuleni na wazee hospitalini, na mara nyingi aliyelinunua hayupo tena duniani.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 lilitangazwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Baadaye liliunganishwa Mombasa pia. Sifa yake ya kustahimili barabara mbovu ilithibitishwa katika mashindano ya Safari Rally, ambayo Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa toleo lake la milango miwili.

Kabla ya kushika spana, familia hutakiwa kuhakikisha jina lililo katika hati za umiliki. Gari likiwa bado katika jina la marehemu, ni busara mirathi ikamilishwe kwanza, kwani fedha zilizotumika kwa gari la urithi huweza kuzua ugomvi kati ya ndugu. Kisha huja daftari na simu ya kupigia picha. Kila nyaya hupigwa picha kabla ya kuchomolewa, na kila bolti huwekwa katika mfuko wenye maandishi. Magari mengi huishia kuwa maboksi ya vipuri kwa sababu ya kukosa subira hii, wala si kwa kukosa fundi.

Adui mkubwa ni kutu, hasa kwa magari yaliyoishi kwenye upepo wa chumvi wa pwani. Gari hili halina fremu iliyotengana na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Kwa hiyo kutu iliyo sakafuni au katika kingo za chini ya milango si kasoro ya sura tu, bali ni udhaifu wa gari zima. Hupimwa kwa ncha ya bisibisi: chuma kikitoboka, hukatwa mpaka panapoonekana chuma safi, kisha huchomelewa kipande kipya cha unene uleule. Bodi lazima itegemezwe vizuri kwenye stendi, na nafasi za milango zipimwe kabla ya kukata, la sivyo milango haitafunga tena. Puti ni ya kusawazisha uso tu. Anayejaza puti juu ya tundu anaficha kutu inayoendelea kula.

Tangi la mafuta hutolewa na kuwekwa mbali kabla ya kazi ya kuchomelea. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli huweza kulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa.

Injini ya petroli ya 504 ina faida ambayo mafundi wakongwe huisifu: pistoni hutembea ndani ya slivu zinazozungukwa na maji ya kupoza, nazo huweza kubadilishwa bila kuichonga bloku. Lakini hapo ndipo wengi huharibu. Silinda hedi ikishafunguliwa, injini haipaswi kuzungushwa kabla slivu hazijabanwa, kwani huinuka na kuvunja kizuizi cha maji kilicho chini yake. Slivu mpya lazima zichomoze kidogo tu juu ya bloku. Zikizama, gasketi haitabana na maji yataingia kwenye oili. Hedi nayo ni ya aluminiamu na hupinda injini ikichemka, hivyo hukaguliwa kwa rula ya chuma iliyonyooka.

Vumbi la breki za zamani huenda likawa na asbesto, yenye madhara kwa mapafu. Halipulizwi kwa upepo, bali hufutwa kwa kitambaa kibichi. Mipira ya breki hubadilishwa yote, hata inayoonekana mizima.

Rangi ya asili hutafutwa mahali ambapo jua halikufika, kama vile chini ya zulia la buti. Katika maonesho ya magari ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, waamuzi hukagua hadi uvungu wa gari, na huko undani wa namna hiyo una thamani. Hata hivyo, anayekusudia kuliendesha kila siku hana sababu ya kukataa taa bora au mikanda mipya ya usalama kwa jina la uasilia.

Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi ghafla. Oili kidogo hutiwa kupitia matundu ya plagi, kisha injini huzungushwa kwa mkono mpaka iwe laini. Iliyofungwa upya huendeshwa taratibu kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, na baada ya hapo oili hubadilishwa na bolti za hedi hukaguliwa tena.