Kabla ya kumwita nyanya mchawi, hesabu siku ambazo ng'ombe hakufa

Kama umesoma takwimu chuoni, ulikutana na "kosa la aina ya kwanza" na "kosa la aina ya pili", ukakariri, ukafanya mtihani, ukasahau. Hebu tuyarudie, safari hii tukiwa Gusii.

Oktoba 2021, kule Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Mei 2008 watu 11 walikuwa wameuawa eneo la Kisii kwa tuhuma kama hizo. Visa vya aina hii huwa na "ushahidi" wake: mtoto aliugua, ama ng'ombe alikufa, na nyanya fulani alionekana akipita hapo jana yake.

Sasa tuje kwa chai. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Muriel Bristol alidai kwamba akionja chai anajua kama kilichotangulia kikombeni ni maziwa ama chai. (Nyamira, ambako majani yenyewe hulimwa, vyote huchemshwa kwa sufuria moja, kwa hivyo mjadala ungeishia hapo.) Mwanatakwimu Ronald Fisher aliligeuza dai hilo kuwa jaribio. Jaribio alilolieleza katika kitabu chake cha 1935 ni hili: vikombe 8, vinne vya kila aina, vichanganywe, mtu aonje bila kuambiwa. Unaanza kwa kudhani anabahatisha tu. Hiyo ndiyo nadharia tete ya kuanzia. Mtu anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70 ya kuvipatia vyote. Akivipatia, una sababu ya kuiacha dhana yako. Akikosea, unabaki nayo.

Umeona? Jaribio hilo linaweza kutoa jibu lolote kati ya mawili. La nyanya haliwezi. Akilia, eti ni hatia inamsumbua. Akinyamaza, anaficha. Akikana, mchawi gani hukiri? Hilo si jaribio, ni hukumu iliyovaa nguo za jaribio.

Halafu kuna suala la kuhesabu. Tuseme nyanya hupita kando ya boma hilo siku 300 kwa mwaka akienda mtoni. Ng'ombe amekufa mara moja. Siku 299 hakuna aliyezisimulia, maana stori ya ng'ombe mzima haina utamu.

Hata ukiwa na jaribio zuri, bado unaweza kukosea. Kosa la aina ya kwanza ni kuikataa dhana ya kuanzia ilhali ni kweli: hapa, kumtia hatiani asiye na hatia. La aina ya pili ni kubaki nayo ilhali si kweli: kumwachilia jirani ambaye kweli alimpa ng'ombe sumu. Ukibana moja, lingine hupanuka, isipokuwa uongeze ushahidi. Na ni lipi la kuogopwa zaidi? Inategemea. Daktari wa Kisii akiwa na mtoto mwenye homa huogopa zaidi kuikosa malaria iliyopo, kwa sababu hiyo huua haraka.

Watafiti wengi hukubali hatari ya asilimia 5 ya kosa la kwanza. Kwa utafiti wa mbolea, hapo sawa. Lakini wapime wazee 400 wasio na hatia kwa kiwango hicho, na utarajie kuwatia hatiani karibu 20. Nyumba ikishateketezwa na mtu akiwa ndani, hakuna rufaa.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 50, imeshachagua dhana ya kuanzia: mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi uko kwa anayeshtaki.

Kwa hivyo ukipanda matatu wikendi kwenda nyumbani, na mtu akaanza kukunong'onezea habari za nyanya wa ng'ambo ya mto, muulize polepole: amepita hapa mara ngapi na ng'ombe wakabaki wazima?