Milimita Nne na Swali la Damu

Mwanamke aliyekoma hedhi hapati tena homoni ya kujenga utando wa mfuko wa uzazi kila mwezi, hivyo utando huo husinyaa. Altrasaundi ya ukeni ikionyesha umenenepa, jibu huja kwa milimita, na wengi husoma namba hiyo kama hukumu. Ninachosisitiza hapa ni kwamba namba hiyo haisomeki mpaka ijulikane kama mwanamke ametokwa na damu. Wagonjwa wa saratani ya mfuko wa uzazi takriban 9 kati ya 10 hutokwa na damu, lakini katika kila wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, wenye saratani hiyo ni kama 9 tu. Kikomo cha milimita 4 kilitokana na kundi hili la wanaotokwa na damu: utando usipokizidi, uwezekano wa saratani huwa chini ya 1 kwa 100. Ukizidi, daktari hupitisha mrija mwembamba wa plastiki kwenye mlango wa kizazi na kuvuta kinyama cha kupimwa maabara. Ni kazi ya dakika chache, yenye maumivu kama ya hedhi kali.

Utauliza: kwa nini basi kisichukuliwe kinyama kwa kila mwenye utando mnene? Kwa sababu asiyetokwa na damu hayumo katika hesabu ile. Unene wake mara nyingi ni kijinyama kisicho na madhara, au matokeo ya tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, ilhali mrija unaweza kutoboa kizazi kilichosinyaa. Kwake madaktari wengi husubiri unene wa milimita 11, au mapema zaidi akiwa na unene wa mwili au kisukari, maana mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni inayokuza utando.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, utando mwembamba unatosha kumtuliza anayetokwa na damu? Si kila mara. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2024 kwa wanawake weusi waliotolewa kizazi ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya kumi wa wenye saratani alikuwa na utando ulio chini ya kikomo. Uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi huficha utando, na baadhi ya saratani kali hukua bila kuunenepesha. Damu ikirudi, kinyama kichukuliwe hata kama altrasaundi ni nzuri. Na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, ingawa ni muhimu, hakichunguzi ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa hiyo kila fomu ya altrasaundi ya mwanamke aliyekoma hedhi ianze kwa kueleza kama ametokwa na damu, lini, na mara ngapi.