Okoa stima, kisha uthibitishe

Ukiingia supamaketi jijini Nakuru, simama mbele ya friji ya maziwa isiyo na mlango. Baridi inayokupiga miguuni ni stima iliyolipiwa, inamwagika sakafuni. Friji hizo hazilali, hata duka likifungwa. Na bili hiyo nani analipa? Wewe, kwenye bei ya maziwa.

Friji yenye milango ya kioo hula stima kidogo. Lakini mwenye duka akitaka cheti cha jengo la kijani, maneno matupu hayatoshi. EDGE, cheti cha IFC iliyo katika Kundi la Benki ya Dunia, hutaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya kawi likilinganishwa na jengo la kawaida, na vilevile maji. Mkaguzi ataitisha michoro, risiti na picha.

Utasema stima yetu tayari ni safi, ya mvuke wa Olkaria. Sawa, lakini bili bado inalipwa.

Kama umesomea umeme au majokofu, kazi ndiyo hii: funga mita kwenye friji pekee, andika uniti kabla na baada ya kuweka milango, pamoja na joto la kila siku. Bila daftari hilo, huna la kumwonyesha mwenye duka.