Picha ya nyanya isiharibike ikizungushwa

Tuseme, msomaji, umebaki na picha moja tu ya marehemu nyanya yako. Umeitia kwenye kompyuta, nayo ikatokea imelala ubavu. Mwanao anayesomea kompyuta chuoni anajitolea kukuandikia programu ndogo ya kuisimamisha. Kazi yenyewe si kubwa, lakini isipofanywa kwa uangalifu, picha itaharibika mkiitazama.

Picha ndani ya kompyuta ni nukta za rangi zilizopangwa kwa safu, mfano wa mkeka uliosukwa. Picha yenye upana wa nukta 600 na kimo cha nukta 400 ina nukta 240,000. Kuigeuza kwa digrii 90 ni rahisi. Safu ya juu huhamia upande wa kulia, upana na kimo vikabadilishana, wala hakuna nukta inayopotea.

Taabu huanza picha inapotakiwa kugeuka kidogo tu, tuseme digrii 7, kwa kuwa iliwekwa kombo. Mwanafunzi anayechukua kila nukta na kuipeleka kwenye nafasi yake mpya hupata picha yenye matundu matundu. Fundi mjuzi huanzia mwisho. Kwa kila nafasi tupu katika picha mpya, hupiga hesabu za pembe tulizofunzwa shule ya upili ili ajue rangi yake ilitoka wapi, kisha huchanganya rangi za nukta nne zilizo jirani. Matundu hutoweka, lakini kuchanganya huko hufifisha picha kidogo.

Isitoshe, kuna suala la pembe. Picha hiyo ikigeuzwa kwa digrii 45 huhitaji nafasi ya karibu nukta 707 kwa 707. Maktaba ya Pillow katika lugha ya Python hukata pembe usipoiagiza kupanua nafasi. Nayo amri ya kuzungusha michoro katika Java hupima kwa radiani. Ukiandika 90 ukidhani ni digrii, picha italala kwa takriban digrii 117!

Basi mwambie mwanao mambo matatu. Kwanza, picha asili isiguswe kamwe. Kazi ifanywe kwenye nakala. Pili, programu ikumbuke jumla ya digrii na kuanzia kwenye picha asili kila mara. Ukibonyeza mara kumi kwa digrii 1, iwe ni mzunguko mmoja wa digrii 10, si picha iliyofifishwa mara kumi. Tatu, nakala ihifadhiwe kwa mtindo wa PNG, kwa sababu mtindo wa JPEG hupunguza ubora kila picha inapohifadhiwa upya.

Nyanya hatapigwa picha nyingine. Na wahenga walishasema, majuto ni mjukuu, huja kinyume.