Sifuri ya Uongo Juu ya Tenki la Sayanaidi

Kipima gesi kinaweza kukaa ukutani kikionyesha sifuri mwaka mzima, kumbe kimekufa zamani. Hilo nawaambia wenye plenti za kuchenjua dhahabu hapa Mpanda kabla hata sijafungua begi. Mimi ni fundi wa vipima gesi: nyumba yangu iko Makanyagio, ofisi yangu ni pikipiki.

Dhahabu ya mkoa wetu wa Katavi hutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya sehemu kama Ibindi na Dirifu. Mawe husagwa kwenye makarasha, huoshwa kwa zebaki, kisha mchanga unaobaki, yale marudio, hupelekwa plenti kulowekwa kwenye maji ya sayanaidi. Njia hiyo ilibuniwa Glasgow mwaka 1887 na sharti lake kubwa hadi leo ni chokaa. Maji yakiwa na pH ya 10.5 kwenda juu, sayanaidi hutulia majini. Chokaa ikipungua, mvua ikimwagika tenkini, au mtu akamimina asidi pasipostahili, sayanaidi inaanza kutoka kama gesi ya haidrojeni sayanaidi. Kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, na mchana wa Oktoba yetu hupita hapo. Vitabu husema inanukia lozi chungu. Sawa, lakini Mpanda nani anaijua lozi chungu? Tena wapo watu ambao kwa maumbile yao hawaisikii harufu hiyo kabisa. Pua si kifaa cha usalama.

Ndani ya kipima gesi kuna sensa ndogo kama kizibo cha soda, yenye kemikali ya majimaji. Gesi ikiingia huzaa umeme kidogo sana, na kifaa huugeuza kuwa namba. Kiangazi majimaji hukauka, vumbi la marudio huziba kichujio, na sensa yenyewe huzeeka. Ikichoka hailii. Inaendelea kuonyesha sifuri, na sifuri ndiyo namba ambayo kila mtu anapenda kuiona.

Kuiweka sensa sawa ni kazi mbili, na ya kwanza ni sifuri. Hapa ndipo penye uongo mwingi. Fundi mvivu hubonyeza kitufe cha sifuri pale pale juu ya tenki, akidai hewa ni safi. Kama pana gesi sehemu 3 katika milioni, ameshakifundisha kifaa kwamba 3 ndiyo hewa safi. Siku gesi ikifika 7 kitasoma 4, na king'ora kilichotegeshwa kwenye 4.7 kitanyamaza. Namba hiyo haikuokotwa: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri mfanyakazi asivute zaidi ya 4.7 kwa wastani wa dakika 15, na inahesabu 50 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo sifuri naiweka kwa mtungi wa hewa safi, si kwa hewa ya plenti.

Kazi ya pili ni kukipa kifaa gesi yenye kiwango kinachojulikana, mara nyingi 10 katika milioni. Kabla ya kugusa chochote, naandika kilichosomwa. Kikisoma 6 badala ya 10, maana yake king'ora cha 4.7 kilikuwa kinasubiri gesi ikaribie 8. Hiyo ndiyo habari ambayo mwenye plenti anaihitaji zaidi ya stika mpya. Gesi hii hung'ang'ania kuta za mpira, hivyo mpira wa jiko la gesi haufai. Natumia mrija mfupi wa Teflon na regyuleta ya chuma kisichoshika kutu. Mtiririko ni nusu lita kwa dakika, kisha nasubiri namba itulie, dakika mbili au zaidi. Mwenye haraka hurekebisha namba ikiwa bado inapanda, na baadaye kifaa kinazidisha. Natazama pia tarehe ya mtungi: gesi hii hupungua nguvu ikiwa imefungwa, na mpaka ufike Katavi umeshakula miezi njiani.

Watu huogopa mtungi wangu. Mimi naogopa tenki lililo chini yangu. Gesi ya mtungi ni kidogo na inatoweka hewani, lakini ninapofanya kazi king'ora cha pale kimezimwa. Ndiyo maana sipandi peke yangu, nakuwa na kipima kidogo kifuani, na msimamizi anajua ni kifaa kipi kiko kimya na mpaka saa ngapi. Nikimaliza, yeye ndiye anayethibitisha kwamba king'ora kimerudishwa. Nimewahi kukuta kingine, kwenye plenti ambayo sitaitaja, kimezimwa tangu fundi aliyetangulia aondoke.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama kiberiti cha gesi kinatosha kujaribia. Hakitoshi. Gesi ya kiberiti ni butani, na sensa hii haijali butani hata kidogo: utapuliza mpaka kiishe, namba itabaki palepale. Utaondoka ukidhani kifaa kizima ni kibovu.